AVOKA WA BURE ANACHELEWA: ni masaa 48 ya kwanza yanayomfunga maskini hapa Lubumbashi

#1 Avoka_Kijana (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu zangu wa Lubumbashi, hapa kwetu Kongo (RDC), na wa kwingineko, jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu. Leo naliweka hapa tulijadili.

Mimi ni avoka stajiere wa baro ya Haut-Katanga, yaani wakili anayejifunza kazi katika chama cha mawakili cha jimbo letu. Kati ya kazi tunazopewa sisi vijana ni kuwatetea bila malipo watu wasio na uwezo, pro deo kama tunavyosema kwenye korido za mahakama. Mtaani wengi wanadhani hiyo ni huruma ya avoka fulani mwenye moyo mwema. Hapana, ni sheria. Ordonansi-sheria nambari 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979, ile inayopanga kazi ya mawakili, inaitaka kila baro iwe na ofisi ya ushauri wa bure kwa watu ambao kipato chao hakitoshi. Ndiyo ile tunayoiita BCG. Unaeleza shida yako, wanaangalia hali yako, unapangiwa avoka.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakwenda mbele zaidi. Kifungu cha 19 kinampa kila mtu haki ya kusaidiwa na mtetezi wa chaguo lake katika ngazi zote za kesi ya jinai, na kinataja waziwazi kwamba upelelezi wa polisi ni moja ya ngazi hizo. Kifungu cha 18 kinasema aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe mara moja kuwasiliana na familia yake au mtetezi wake, na asizuiwe polisi zaidi ya masaa 48. Yakiisha, aachiwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria.

Sasa tazameni mambo yanavyokwenda. Kijana anakamatwa Katuba jioni. Opeji, yaani afisa wa polisi anayepeleleza, anamwuliza maswali kwa Kiswahili, anaandika majibu kwa Kifaransa, kijana anasaini chini bila kusomewa. Masaa 48 yanapita, mara nyingi na ziada. Anapelekwa parke (ofisi ya waendesha mashtaka), anaandikiwa mandati (hati ya kumkamata), kisha anafikishwa mbele ya jaji wa tribinali ya amani (mahakama ya ngazi ya chini), chumbani, milango imefungwa, kwa dakika chache. Inatoka ordonansi, yaani amri ya jaji, ya kumweka kizuizini siku 15. Zikiisha wanamwongezea mwezi, halafu mwezi mwingine. Hiyo ordonansi ya kwanza inakatiwa rufaa ndani ya masaa 24, lakini nani wa kumwambia? Chumbani mle alikuwa peke yake, ingawa sheria inamruhusu kuwa na mtetezi.

Avoka wa bure anakuja kuonekana siku ya kesi yenyewe. Anakabidhiwa jalada asubuhi, anamwona mteja kwa mara ya kwanza akishuka kwenye gari la gereza la Kasapa, na anachokikuta ndani ya jalada ni maneno ambayo mteja alikwisha kuyasaini. Hapo unaomba kesi iahirishwe upate kusoma, na mteja anarudi gerezani kungoja. Au unatetea hivyo hivyo, na moyo wako unajua hukutetea.

Hoja yangu: msaada wa bure tulionao umewekwa mwisho wa njia, na maskini anapotea mwanzoni mwa njia. Tuuhamishe. Avoka zamu, hata mmoja kwa komini (sehemu ya jiji), awe anapita kwenye kasho (mahabusu za polisi) na kukaa kwenye chumba cha ordonansi ya kwanza. Nasubiri maoni yenu, na walio na mambo yaliyowapata waseme, bila kutaja majina ya watu wala ya vituo.

#2 Mama_Ruashi

Maître, aksanti sana kwa haya maneno. Miye niko mama wa Ruashi, nauzishaka makala ya kupikia na unga. Mutoto wa dada yangu walimukamata juu ya telefone ya mwenzake. Walimutia mu kasho siku ya ine (Alhamisi), na juma nzima ikapita. Walitulomba falanga ya karatasi, kisha falanga ya chakula, kisha falanga ya kumutosha mu kasho. Tulitosha yote tuliyokuwa nayo, na ingine tulikopa. Resi (risiti) hawakutupatia hata moja. Sasa nauliza: ile falanga ilikuwa ya sheria ao ilikuwa ya nani?

#3 Avoka_Kijana

Mama, pole sana. Nakujibu wazi. Kutoka kasho baada ya masaa 48 hakuna bei. Karatasi ya kuandikia maneno hailipwi na familia. Chakula mnachomletea mtoto wenu ni chenu, hakuna anayepaswa kuwatoza ili kimfikie.

Kuna malipo mawili tu ambayo mtu anaweza kukutana nayo kwa haki katika hatua hizo. La kwanza ni ile faini ya maelewano, amande transaksioneli, kwa makosa madogo ambayo hata mahakama ingetoa faini tu. Inaingia hazina ya serikali, na mlipaji anapewa resi. La pili ni dhamana ya kuachiwa kwa muda, nayo inakuja mbele, jalada likiwa limefika parke au kwa jaji. Hiyo pia ina resi, na ni pesa ya kurudishwa aliyeshtakiwa akitimiza masharti yake. Malipo yasiyo na resi, mama, hayakuwa ya sheria.

Mtu wenu akikamatwa tena, mambo mawili yaandikeni mahali: saa aliyokamatwa na jina la kosa wanalomwambia. Avoka akifika na saa ya kukamatwa mkononi, mazungumzo na opeji yanabadilika kabisa.

#4 Mwana_Kampemba

Nitasema tofauti na wengi hapa. Mtaani kwetu watu wanaingiliwa usiku na wenye silaha. Majirani wanakesha na filimbi na masufuria. Mwizi anakamatwa, na baada ya muda tunamwona anapita barabarani. Leo mnataka kumpelekea avoka wa bure mpaka kasho? Na mimi niliyeibiwa, avoka wangu wa bure yuko wapi?

#5 Avoka_Kijana

Kaka, uchungu wako nauelewa, sitaki kuupita juu juu.

Kwanza, yule uliyemwona barabarani hakutolewa na avoka wa bure. Avoka wa bure hakuwepo. Kama alitoka bila kuhukumiwa, aliyemtoa ni mwenye pesa, na maskini aliyekamatwa naye usiku uleule ndiye aliyebaki ndani. Avoka anapokuwepo mapema, jalada linalazimika kuwa na ushahidi. Jalada lenye ushahidi ndilo linalomfunga mwizi wa kweli.

Pili, ile sheria ya 1979 haikuandikwa kwa washtakiwa peke yao. Inasema watu wasio na kipato cha kutosha. Aliyeibiwa, aliyebakwa, mjane aliyefukuzwa, mfanyakazi asiyelipwa, wote wana haki ya kugonga mlango uleule. Nenda, usiogope kwamba wewe ni mlalamikaji.

#6 Mwana_Kampemba

Hapo kwa walalamikaji sikujua. Naendelea kusoma uzi.

#7 Difensa_Mzee

Mimi ni difensa judisieri, yaani mtetezi wa mahakamani asiye avoka, nimeanza kazi hii kijana huyu hajazaliwa pengine. Mwanangu, hoja yako ni nzuri, lakini inakosa mguu mmoja. Sheria ilitupa wajibu, haikutupa nauli. Nimeteuliwa kutetea wasio na uwezo mara nyingi, na nauli ya kwenda Kasapa nimetoa mfukoni mwangu kila mara. Fotokopi ya jalada nimetoa mimi. Stajiere wengi wanaishi kwa shida, wengine wanakula mara moja kwa siku na tai shingoni. Ukimwambia huyo apite kwenye kasho za komini nzima kila asubuhi, atapita wiki ya kwanza.

Kuna jambo jingine zito, na vijana mlijue. Tangu 2003 nchi yetu ilikuwa imesimamisha kutekeleza hukumu za kifo. Machi 2024 serikali iliondoa kizuizi hicho. Fikirini mtu asiye na kitu anasimama mbele ya mahakama kwa kosa linaloweza kumfikisha kwenye hukumu hiyo, na mtetezi wake amejulishana naye asubuhi hiyohiyo. Mimi nimelala vibaya usiku mwingi kwa sababu ya kesi za namna hiyo. Anayezungumzia msaada wa sheria wa bure azungumze na bajeti, la sivyo tunaongeza wajibu juu ya mabega yaleyale.

#8 Avoka_Kijana

Baba, shikamoo, na asante. Kwa bajeti umenigusa na sina ubishi. Ndiyo maana nilisema mmoja kwa komini, kwa zamu. Tuna komini saba: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Annexe ni kubwa mno, hapo mmoja hatoshi. Lakini nauli ya watu saba au kumi kwa siku si mzigo ambao jimbo lenye shaba hii yote linashindwa kuubeba.

#9 Dada_wa_Soko_Kenya

Naomba kuuliza, ni haraka. Tuna likelemba sokoni, mchezo wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, wamama kumi na wawili. Mwenzetu mmoja alipokea zamu yake, kisha mtoto akaugua, sasa ameshindwa kuchangia. Wengine wanataka kumpeleka polisi, na tayari kuna askari amewaambia ataandika "abi de konfianse" na mama atafungwa mpaka alipe. Hiyo ni sawa?

#10 Tantine_Juriste

Dada, siyo sawa. Abi de konfianse iko kwenye kifungu cha 95 cha kitabu cha pili cha kanuni ya adhabu. Inamhusu mtu aliyekabidhiwa kitu cha mwenzake kwa kazi maalum au kwa kurudisha, akakigeuza au akakitapanya kwa hila. Mtu aliyepokea zamu yake halali ya likelemba kisha akakosa uwezo ana deni. Deni ni la tribinali upande wa madai, au la kukaa chini na kupanga malipo. Tena nchi yetu tangu 1976 imo katika mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, na kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza makubaliano.

Na mama huyo akijificha, mumewe au mtoto wake asichukuliwe badala yake. Kifungu cha 17 cha Katiba kinasema kosa la jinai ni la mtu binafsi. Nayaona mambo haya kila mara: wanamkosa mdaiwa, wanamchukua dada yake. Waambie wamama wenzako wakae, waandike mpango wa malipo kidogo kidogo, wote wasaini.

#11 Mjane_Annexe

Ninyi mnazungumza kasho. Mimi sijakamatwa na mtu, lakini naishi kama mtu aliyehukumiwa. Mume wangu alifariki. Mashemeji wamekuja, wanasema nyumba ni ya ukoo, watoto watachukuliwa na mimi nirudi kwetu. Mmoja ameanza kuzunguka ofisi za ardhi. Kwenda kwa avoka nimeogopa bei. Mtaniambia nini?

#12 Tantine_Juriste

Mama, kaa kwenye nyumba yako. Hilo la kwanza.

Kanuni ya familia ya 1987, iliyorekebishwa kwa sheria nambari 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, inaweka watoto wa marehemu kuwa warithi wa kundi la kwanza, na fungu lao ni robo tatu ya mali. Robo inayobaki wanagawana kundi la pili: wewe mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Kwa hiyo mashemeji wana sehemu ndani ya robo, hawana nyumba nzima. Zaidi ya hapo, wewe kama mwenzi uliyebaki una haki ya kuendelea kuitumia nyumba mliyokuwa mkiishi pamoja na vyombo vyake. Hii haitegemei ukarimu wa ukoo.

Sasa sehemu ngumu. Ndoa yenu iliandikishwa kwenye etat sivil ya komini, ile ofisi ya kuandikisha ndoa na vizazi? Wengi wetu tunalipa mahari, tunacheza, tunakula, tunasahau karatasi, na siku ya msiba ndipo mashemeji wanauliza karatasi. Kama mlikuwa na ndoa ya kimila tu, watafute waliokuwepo, vithibitisho vya mahari, picha, vyote. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilevile. Mtoto asiyeandikishwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa anahitaji hukumu ya tribinali ya watoto ili apate cheti, anza hiyo njia mapema.

Na huyo shemeji anayezunguka ofisi za ardhi usimpuuze hata kidogo. Kwa sheria ya ardhi ya 1973, cheti cha uandikishaji kikishatolewa kwa jina la mtu, baada ya miaka miwili ni vigumu mno kukivunja. Miaka miwili inakwisha wakati watu bado wanasuluhishwa na wazee. Andika barua ya kupinga kwa msajili wa hati za ardhi wiki hii, ubaki na nakala yenye alama ya kupokelewa.

Jambo la mwisho: tangu marekebisho ya 2016 mwanamke haombi ruhusa ya mume ili kwenda mahakamani, na wewe mjane huombi ruhusa ya shemeji yeyote. Niandikie pembeni, tutaangalia namna ya kukupeleka BCG.

#13 Mjane_Annexe

Mungu akubariki tantine. Cheti cha ndoa ninacho, kilikuwa kwenye sanduku la marehemu. Nimekiona sasa hivi.

#14 Kaka_wa_Dar

Salaam kutoka Dar es Salaam. Nasoma uzi huu kwa makini. Kwetu Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2017, na jambo kubwa ndani yake ni kuwatambua wasaidizi wa kisheria. Hawa si mawakili, ni watu wa mtaa waliofundishwa sheria za msingi. Hawasimami mahakamani, lakini wanaelekeza watu, wanaandika barua, wanajua nani aende wapi. Kenya nao wana sheria yao ya mwaka 2016. Na Malawi, tangu 2000, wasaidizi wa namna hiyo wanaingia magerezani na vituo vya polisi, wanawafundisha mahabusu hatua za kesi yao na kuwatafuta wale waliosahauliwa ndani. Je, ninyi lazima msubiri mawakili? Mawakili wachache wa jiji hawawezi kuwa kila kasho.

#15 Difensa_Mzee

Huyu ndugu wa Dar amesema neno. Kwetu mfumo bado umesimama juu ya ile sheria ya 1979, na yenyewe inamjua avoka na sisi difensa. Wasaidizi wapo kupitia mashirika na makanisa, wanafanya kazi nzuri, ila opeji akiwafukuza mlangoni hawana karatasi ya kumwonyesha. Lakini naongeza angalizo: mtaani tunao watu wanaojiita "avoka" ambao si avoka, wanachukua pesa za wajane na kupotea. Msaidizi awe na kitambulisho, na awe chini ya avoka anayewajibika.

#16 Mkimbizi_wa_Bukavu

Mimi natoka Bukavu, niko Lubumbashi tangu vita ilipotufukuza. Naomba niseme la kwetu kwa sababu Sud-Kivu tumeona msaada wa bure ukifanya kazi, na tumeona ukikatika.

Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ilikaa Kavumu, kijijini penyewe, ikawahukumu kifungo cha maisha wanaume kumi na mmoja, akiwemo mbunge wa jimbo Frederic Batumike, kwa ubakaji wa watoto wadogo. Nani alidhani wazazi maskini wa Kavumu wangemshinda mbunge? Walikuwa na mawakili ambao hawakuwalipa hata falanga, na madaktari wa hospitali ya Panzi, ile ya daktari Mukwege, waliotibu na kuandika ripoti. Mahakama iliwafuata wananchi, wananchi hawakuhitaji nauli. Sheria za 2006 kuhusu ubakaji nazo zilisaidia: upelelezi wa mwanzo usizidi mwezi mmoja, upelelezi na hukumu ndani ya miezi mitatu, na kesi ya ubakaji haiwezi kuzimwa kwa ile faini ya maelewano.

Lakini kazi nyingi za namna hiyo kwetu ziliendeshwa kwa fedha za wafadhili. Mradi ukiisha, mlango wa kliniki ya sheria unafungwa na mama anakuta kufuli. Na tangu Goma ichukuliwe Januari 2025 na Bukavu Februari, majalada ya watu wengi yamebaki bila mwenyewe. Ninyi wa Haut-Katanga mna mahakama zinazofungua milango kila asubuhi. Msijenge juu ya mradi wa miaka miwili. Jengeni juu ya baro yenu na jimbo lenu.

#17 Avoka_Kijana

Ndugu wa Bukavu, asante sana kwa kuandika, karibu Lubumbashi. Sisi huku tunalo la Kilwa, kijiji cha kando ya ziwa hapa Haut-Katanga. Oktoba 2004 jeshi liliua zaidi ya watu 70 pale Kilwa, na 2007 mahakama ya kijeshi hapa mjini ikawaachia huru washtakiwa kwa mauaji yale. Familia zile hazikuwa na pesa ya kuendelea. Mashirika, likiwemo ACIDH la hapahapa, yalibeba kesi mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, na mwaka 2017 ikajulikana kwamba Tume imetaka wahanga wanane walipwe dola milioni 2.5. Watu wa kijiji cha ziwani waliishinda serikali kwa sababu kuna waliokubali kutetea bila kulipwa, miaka na miaka. Ninapochoka na pro deo hukumbuka hilo.

#18 Mwalimu_Katuba

Fupi: shuleni kwangu watoto wanakamatwa pamoja na watu wazima. Kwa sheria ya 2009 ya kulinda mtoto, aliye chini ya miaka 14 hawezi kabisa kuhesabiwa kuwa na hatia ya jinai, na mwenye zaidi ya hapo ambaye hajatimiza 18 ni wa tribinali ya watoto. Avoka zamu akipita kasho, aanze kwa kuuliza umri.

#19 Mfanyakazi_Jamii

Naongeza kuhusu karatasi, kwa sababu watu wengi wanakwama hapo. Anayetaka kusamehewa gharama za kufungua kesi anahitaji kuthibitisha kwamba hana uwezo. Hati ya kutokuwa na uwezo inaombwa kwenye ofisi ya Maswala ya Jamii, ambao wanaangalia hali ya mtu kabla ya kuitoa. Ukishaipata, unamwandikia rais wa tribinali kuomba usilipe gharama za kuanzisha kesi. Peleka barua ya shefu wa mtaa anayekujua, inasaidia. Na usingoje mpaka siku ya kesi, kwa sababu kuizungukia hati hiyo kunachukua muda, na ole wake mgonjwa au mzee asiye na wa kumfuatia.

#20 Mwana_Kampemba

Nimesoma yote. Basi swali langu la mwisho kwa maître: huyu avoka zamu wa komini tunaanza naye lini? Kampemba tuna ukumbi wa parokia, siku ya posho (Jumamosi) hauna watu.

#21 Avoka_Kijana

Kaka, nimeongea na stajiere wenzangu wanne na mzee mmoja wa baro amekubali kutusimamia. Tunaandika ombi rasmi kwa batonie, mkuu wa baro, ili tuwe na barua ya kuonyesha kwenye kasho. Bila hiyo tutafukuzwa mlangoni, kama alivyosema baba Difensa. Wakati tunasubiri jibu, ukumbi wa Kampemba tunaukubali kwa ushauri tu, siku ya posho kuanzia saa tatu asubuhi, bure. Kila mwenye shida alete alichonacho: karatasi ya wito, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, hati ya kiwanja. Mwenye mtu ndani alete tarehe na saa ya kukamatwa.

#22 Mama_Ruashi

Maître, na sisi wa Ruashi tunaweza kuja kule Kampemba? Kuko jirani yangu, bwana yake iko mu kasho tangu jana magaribi.

#23 Avoka_Kijana

Mama, huyo asingoje siku ya posho. Niandikie pembeni sasa hivi: kituo gani, saa ngapi, wanasema kosa gani. Kesho asubuhi nakwenda.